Uzi: Babu wa ukweni alisafirishwa kutoka Ireland hadi Australia 1833. Je, ni huyu au nimekamata mtu mwingine?

#1 BintiPangani
Wakuu, shikamooni, na wa rika langu habari zenu. Naishi New South Wales mwaka wa kumi na moja sasa, nimeolewa huku. Mama mkwe wangu ana miaka sabini na kitu, na ameniomba nimsaidie kumtafuta babu yao aliyeletwa na pingu kutoka Ireland. Yeye ni kilembwe cha huyo babu. Hadithi ya ukoo ni kwamba aliiba mkate wakati wa njaa kuu, akahukumiwa, akapakiwa melini.

Nimeipata orodha ya wafungwa ya meli moja iliyotoka Cork 1833. Jina linalingana, ukoo ni Ryan. Miaka 24, Mkatoliki, anajua kusoma ila hajui kuandika, mkulima wa plau, mzaliwa wa Tipperary. Kosa: kushambulia nyumba ya mtu. Kifungo miaka 7. Ana mke na mtoto mmoja. Halafu kwenye safu ya alama za mwilini: futi 5 inchi 6, uso una makovu ya ndui, macho ya kijivu, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimepinda kuelekea ndani.

Wakuu, mama mkwe ana kidole hicho hicho, kimepinda vile vile. Nilipomsomea mstari ule aliweka kikombe chini, akauinua mkono wake akautazama muda mrefu bila kusema neno.

Sasa hakuna mkate hapo, na huyu ana mke Ireland wakati babu yetu alioa Sydney 1842. Ndiye au siye?

#2 ChumviYaMawe
Nimekaa pale na kahawa yangu. Ila dada, Ryan wa Tipperary ni sawa na kumtafuta Juma wa Tanga. Pole mapema.

#3 MzeeWaNyaraka
Marahaba binti. Nimefanya kazi ya nyaraka miaka mingi, niseme machache.

Kwanza mkate uuweke kando. Njaa kuu ya viazi ilianza 1845. Mtu aliyepakiwa melini 1833 hakuwa na uhusiano wowote na njaa ile. Koo nyingi kule zina hadithi ya mkate, kwa sababu mkate ni kosa lisiloaibisha. Kwa vizazi vingi familia za Australia zilificha kabisa kwamba zina mfungwa, na aliyeshindwa kuficha alimpunguzia marehemu kosa.

Pili, orodha hiyo ni hazina. Wafungwa kama 162,000 walipelekwa Australia kati ya 1788 na 1868, karibu robo walitoka Ireland. Zile orodha za meli za miaka ya 1830 zinaeleza mtu hadi kovu la kidevuni, kwa sababu serikali ilitaka kumtambua akitoroka. Kaka yake huyo Ryan aliyebaki nyumbani akilima kwa amani huenda hajaandikwa popote zaidi ya siku aliyobatizwa. Aliyefungwa ndiye tunayejua rangi ya macho yake. Jambo hili linanigusa kila nikilifikiria.

Tatu, habari mbaya. Madaftari ya Ireland ya waliosafirishwa kabla ya 1836 yaliteketea Dublin 1922, Ofisi ya Kumbukumbu ilipolipuka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa mtu wa 1833 unabaki na maombi ya msamaha ambayo wafungwa au wake zao waliandikiwa kwenda kwa mwakilishi wa mfalme. Hayo yapo Hifadhi ya Taifa ya Ireland, na faharasa yake inatafutika mtandaoni bure.

#4 KaptulaNyeupe
Mzee umesema vizuri ila uliacha jambo kubwa. Hawa Wairishi hawakuwa wezi, walikuwa wapigania uhuru. Uasi wa 1798 uliposhindwa walijazwa kwenye meli. 1804 wakaasi tena huko huko Australia, Castle Hill, wakiongozwa na Philip Cunningham. Huyo Ryan alikuwa mwanamapinduzi, tusimhukumu. Na kumbukumbu zao zote zilichomwa 1922 ili wasijulikane, sensa zote, vitabu vyote vya kanisa. Dada unapoteza muda wako.

#5 MzeeWaNyaraka
KaptulaNyeupe, Castle Hill umesema kweli, Machi 1804. Mengine nakurekebisha, usimkatishe tamaa binti.

Waliosafirishwa kwa siasa ya wazi walikuwa wachache. Wengi walikuwa wezi wa kondoo, ng'ombe, nguo na pesa. Sensa za 1821 hadi 1851 ndizo zilizoungua karibu zote 1922. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imeziharibu zamani, na za 1881 na 1891 zilisagwa zikawa karatasi tena wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ya 1901 na ya 1911 zipo hadi leo. Vitabu vilivyopotea kwa wingi Dublin ni vya kanisa la Kianglikana, zaidi ya nusu. Vya Wakatoliki vilikuwa parokiani kwao na vikapona. Maktaba ya Taifa ya Ireland iliweka picha zake mtandaoni 2015, bure. Ryan ni Mkatoliki, mlango huo uko wazi.

#6 KaptulaNyeupe
Nimekubali kuhusu vitabu vya Wakatoliki, sikujua. Kuhusu wizi bado nina neno, nitarudi.

#7 CorkKwaMuda
Habari zenu. Niko Ireland kikazi, Cork. Kutoka bandari ya Cobh unakiona kisiwa cha Spike. Kilikuwa na gereza ambalo wakati wa njaa lilijaa wafungwa wa kusafirishwa. Huyo wenu wa 1833 ni kabla ya gereza lile, wakati huo walikuwa wanasubiri kwenye meli kuukuu iliyotiwa nanga hapa hapa bandarini.

Kuhusu "kushambulia nyumba", naomba tusiharakishe. Miaka ile ya mwanzo wa 1830 kulikuwa na vita vya zaka. Wakulima Wakatoliki walilazimishwa kulipa zaka kwa kanisa la Kianglikana ambalo hawasali. Desemba 1831 pale Carrickshock, kaunti ya Kilkenny, jirani kabisa na Tipperary, watu walimuua mpeleka hati za madai pamoja na askari kadhaa. Kulikuwa na vikundi vya usiku vilivyoitwa Vijana Weupe, kwa sababu zamani walivaa mashati meupe juu ya nguo zao. Walikuwa wanazingira nyumba, wanachukua bunduki, wanamwapisha mwenye nyumba au kumtisha ahame.

Ila si kila nyumba iliyozingirwa ilikuwa ya zaka. Mara nyingi aliyezingirwa alikuwa mkulima maskini kama wao, kosa lake ni kukodi shamba ambalo jirani yake kafukuzwa juzi. Kwa hiyo Ryan anaweza kuwa shujaa wa zaka, na anaweza kuwa kijana aliyevunja mlango wa jirani usiku wa manane na watoto wa yule jirani wakilia ndani. Karatasi ya meli haisemi ni lipi.

#8 MwanaWaNyeri
BintiPangani, watoto wa babu waliozaliwa huko waliitwa nani kwa mpangilio? Wairishi wa zamani walikuwa wanaita kama sisi Wakikuyu. Mvulana wa kwanza jina la baba ya baba, wa pili jina la baba ya mama. Tofauti ni wasichana: kwetu wa kwanza ni mama ya baba, kwao wa kwanza ni mama ya mama. Mimi nilimpata baba ya babu yangu kwa njia hiyo hiyo bila karatasi hata moja.

#9 BintiPangani
Asanteni sana wote. MwanaWaNyeri, wavulana: Thomas, Daniel, kisha wa tatu ana jina la babu mwenyewe. Wasichana: Mary, kisha Johanna.

#10 MwanaWaNyeri
Basi baba yake alikuwa Thomas na mama yake Johanna, kama walifuata mila. Wa tatu kupewa jina la baba mwenyewe ndiyo desturi yao pia.

#11 ChumviYaMawe
"Kama." Ukihama mbali na wakwe na wazazi, nani atakulazimisha? Kaka yangu yuko Muscat, mwanawe wa kwanza kamwita jina la tajiri wake.

Dada, mimi nasema una Ryan wawili uliowachanganya. Orodha inasema ana mke. Babu yenu kaoa 1842. Ndoa mbili, watu wawili. Kinachotenganisha wafungwa wa jina moja kule ni meli. Kila karatasi ya koloni iliandika jina na chombo alichokuja nacho, fulani wa meli fulani, kama sisi tunavyosema fulani bin fulani. Je, cheti cha ndoa kinataja meli?

#12 BintiPangani
Hakitaji. Jina, parokia, mashahidi wawili, basi. Babu na bibi wote waliweka alama ya msalaba.

#13 MzeeWaNyaraka
Hilo la msalaba linakubaliana na orodha, anasoma lakini haandiki. Halithibitishi, maana nusu ya Tipperary ingeweka msalaba.

Nilitaka kukuambia utafute kibali cha ndoa, kwa kuwa mfungwa hakuoa bila ruhusa ya gavana. Nimepiga hesabu nimejirudi. Kifungo cha miaka 7 kutoka 1833 kinaisha 1840. Kufikia 1842 alikuwa na cheti cha uhuru mkononi, akioa mwanamke huru hakuhitaji kibali. Tafuta hicho cheti cha uhuru cha 1840, na kabla yake tikiti ya ruhusa, yaani kibali cha mfungwa kujitafutia kazi mwenyewe kabla kifungo hakijaisha, ambayo mtu wa miaka 7 aliweza kuipata baada ya miaka 4 ya mwenendo mzuri. Vyote viwili huandika meli, na mara nyingi maelezo ya mwili. Kidole kikijitokeza tena, umepata uzi wa kuushika.

#14 TabibuMsaidizi
Niongee kuhusu kidole, ndiyo fani yangu. Kidole kidogo kupinda kwa ndani kinaweza kurithiwa kweli, baba kwa mwana kwa mjukuu. Lakini ni hali ya kawaida, utaikuta kwa watu wasio na undugu wowote. Na mara nyingi ikirithiwa huja mikono yote miwili. Orodha imetaja mkono wa kushoto tu. Mkulima wa plau, kidole kimevunjika kikaunga vibaya, nani ajuaye? Muulize mama mkwe kama cha kulia nacho kimepinda.

#15 BintiPangani
Nimempigia sasa hivi. Vyote viwili, ila cha kushoto zaidi. Mume wangu hana. Binti yetu wa miaka sita anacho, cha kushoto. Nilikuwa namkata kucha kila wiki na sikuwahi kukiona.

#16 TabibuMsaidizi
Bado si ushahidi dada yangu. Lakini nimesisimka.

#17 MkaziWaKisauni
Assalaam alaykum. Nimesoma uzi wote nikalia kidogo, nitasema kwa nini.

Upande wa mama yangu ni watu wa Frere Town, Mombasa. Wamisionari wa Kianglikana walianzisha pale 1875 makazi ya watumwa waliokombolewa baharini. Wengine walikuwa watoto, wakapewa majina ya Kizungu. Baba wa bibi yangu alikuwa na jina la mitume na jina la ukoo la Mwingereza asiyemjua. Bibi alisema baba yake alikumbuka neno moja la lugha ya kwao, neno la maji. Tumelipeleka kwa Wayao, kwa Wanyasa, kwa Wamakua, kila mmoja anasema ni letu.

Huyo Ryan alidhulumiwa, sikatai. Lakini karani aliandika kaunti yake, dini yake, mke wake, kidole chake. Wetu walipohesabiwa kwenye jahazi walihesabiwa vichwa. Kwa hiyo dada, ukipata, shukuru, na usikubali mtu akuambie ni upuuzi wa wazungu.

#18 BintiPangani
Wa alaykum salaam ndugu yangu. Nimekusoma mara tatu. Mimi mwenyewe wa Pangani, najua jahazi zilipita wapi. Asante.

#19 KaptulaNyeupe
Kisauni umenifunga mdomo kwa leo. Niongeze tu kwamba kufukuzwa kupelekwa ng'ambo hata huku kulikuwepo, Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walipelekwa Ushelisheli na Waingereza 1899. Utawala ule ule, dawa ile ile.

#20 ChumviYaMawe
Hao walikuwa wafalme, walipewa nyumba. Wairishi wa kwanza waliotoka Ireland moja kwa moja walikuja na meli Queen 1791, na Novemba mwaka huo huo wanaume 20 na mwanamke 1 mwenye mimba walitoroka kwa miguu kwenda China. Waliamini China iko kaskazini tu, ng'ambo ya mto. Fikiria mtu ameteseka kiasi gani hadi aamini hivyo.

#21 MamaWawili
Mbona mnamkwepa mke? Kuna mwanamke Tipperary 1833 amebaki na mtoto, mumewe kachukuliwa. Kule Australia jamaa kaoa 1842, kazaa, ukoo unamsherehekea. Mimi namuuliza mleta uzi: huyo wa kwanza alikufa au aliachwa? Kama aliachwa, mama mkwe yuko tayari kulisikia?

#22 CorkKwaMuda
MamaWawili swali zuri. Inawezekana mke alifariki kati ya 1833 na 1842, kipindupindu kiliipiga Ireland kuanzia 1832. Inawezekana pia alikuwa hai. Wengi waliona bahari ni kama talaka, barua inakwenda miezi minne au zaidi na mwenyewe hajui kuandika.

#23 KaptulaNyeupe
Inawezekana pia alidanganya melini kwamba ana mke, apate huruma.

#24 MzeeWaNyaraka
Mara nyingi ilikuwa kinyume, mtu anaficha mke ili aje aoe. Lakini kuna sababu ya kujitaja: serikali ilikuwa na utaratibu wa kuwasafirisha bure wake na watoto wa wafungwa wenye mwenendo mzuri. Maombi yao yapo Dublin, karatasi za wasafiri huru, 1828 hadi 1852. Binti, tafuta humo jina la Ryan wa Tipperary. Ukikuta mwanamke ameomba kumfuata mume wa meli ile, utajua alikuwa hai na alitaka kuja.

#25 JichoLaDNA
Na vipimo vya DNA je? Mama mkwe apime. Kama mtoto wa Ireland aliacha kizazi, kuna watu leo wana damu ya Ryan bila ya bibi wa Sydney. Onyo: yeye ni kilembwe, amebeba takriban sehemu moja ya kumi na sita ya babu. Na hao wa kule ni uzao wa mama tofauti, sehemu ya pamoja ni ndogo mno. Wengine hawataonyesha ulinganifu wowote ingawa ni ndugu halali. Kutolingana hakutakuwa jibu.

#26 BintiPangani
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nina mapya.

Cheti cha uhuru cha 1840 kimepatikana. Meli ni ile ile. Maelezo: macho ya kijivu, ndui, "kidole kidogo cha kushoto kimepinda." Kwa hiyo mfungwa wa orodha na aliyefunguliwa 1840 ni mmoja. Lakini hilo halijamfikisha kwa babu wa ndoa ya 1842.

Tumelipia cheti cha kifo cha babu. Alifariki 1879, na New South Wales iliandikisha vifo kwa kina kuanzia 1856. Baba: Thomas Ryan, mkulima. Mama: hajulikani. Miaka katika koloni: 46. Mtoa taarifa: mwanawe Daniel. 1879 toa 46 ni 1833!

Tatizo: umri wa kifo ni miaka 76. Amezaliwa 1803. Mfungwa alikuwa na 24 mwaka 1833, amezaliwa 1809.

#27 MwanaWaNyeri
Thomas! Nilisema.

#28 ChumviYaMawe
Umesema, nakupa heko. Ila miaka sita ni mingi. Bado naona Ryan wawili, na Tipperary haikukosa Thomas.

#29 MzeeWaNyaraka
Umri kwenye cheti cha kifo ni wa anayeulizwa siku ya msiba. Daniel alikisia. Hapo mimi naamini 46 kuliko 76, mwaka wa meli ulikuwa unajulikana nyumbani hata kama haukusemwa mbele ya wageni.

#30 CorkKwaMuda
Nimekaa na picha za vitabu vya ubatizo. Wale Ryan ni wengi hadi majirani waliwapa majina ya pembeni, Ryan Mweupe, Ryan Mwekundu, kwa Kiairishi chao, ila padri hakuyaandika. BintiPangani alinitumia kwa siri jina la mji ilikofanyika kesi, nikaanza na parokia zinazoupakana.

Parokia moja ina watoto wawili wa jina la babu, wote baba yao Thomas Ryan. Mmoja 1803, mmoja 1809. Wa 1803 mama ni Johanna. Wa 1809 mama ni Honora.

#31 ChumviYaMawe
Wawili! Nilisema nini?

#32 MwanaWaNyeri
Ngoja. Johanna na Honora, makarani wa kule waliyachanganya majina hayo. Inawezekana ni mama mmoja. Mtoto wa 1803 akafa, wa 1809 akapewa jina la marehemu kaka yake. Hata kwetu inafanyika.

#33 CorkKwaMuda
Inawezekana. Au ni Thomas wawili, binamu, vitongoji viwili. Daftari la maziko parokia hiyo haina, kwa hiyo siwezi kuona kama wa 1803 alikufa mdogo.

#34 MamaWawili
Na mtoto aliyeachwa? Mlimsahau tena. Kama alizaliwa kabla ya 1833, naye kabatizwa hapo hapo.

#35 BintiPangani
MamaWawili, mama mkwe kauliza swali hilo hilo jana usiku. Nilimwambia yote, pamoja na mke. Alisema, "Basi nina shangazi au babu mwingine kule ambaye hakuna aliyemwombea." Akaniomba nitafute jina la mtoto kwanza, ya babu yasubiri.

#36 CorkKwaMuda
Mwambie nimeshaanza. Nimetoka 1828 nimefika katikati ya 1830, wino umefifia na kurasa mbili zimeshikana. Kesho zamu yangu inaisha saa nane mchana, naendelea na 1831.